Kuchagua Beki Bila Kulipuliza

Beki ninalopigia hadi leo nililichagua bila kulipuliza. Mpiga klarineti yeyote mwenye akili timamu atanicheka, na anicheke mbali na mimi, maana hasira zangu ziko karibu. Kwa msiopiga, beki ni kile kipande cheusi cha mdomoni, kilichochongoka, ambacho hufungwa ulimi wa tete kwa pete. Neno lenyewe tulilipata kwa Wafaransa. Wapenzi wa mpira watanisamehe. Klarineti iliyobaki ni mti na vyuma. Sauti inazaliwa kwenye beki, na beki halichaguliwi kwa macho. Unalipuliza, unalisikiliza, unalitukana, unachukua jingine. Ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote, isipokuwa mara ile moja Mutsamudu.

Ilikuwa miaka ya mamluki, wazungu wa kukodiwa walioshika visiwa vyetu kwa bunduki. Sisi wa Moroni tulikwisha zoea kuwaona wazungu wale wakipita na magari yao ya wazi, mikono nje, na askari wa kwetu wamekaa nyuma yao wakiwa na nguo nyeusi. Tulizoea kusimama pembeni wapite. Walinunua mkate dukani pale pale tuliponunua sisi. Mwenye duka aliwachekea, na wakishaondoka akatema mate, na mimi nikamwona mnafiki mkubwa mpaka siku nilipojikuta nami nimewachekea bila hata kuwauzia kitu.

Nilikuwa mpiga klarineti wa chama cha twarabu cha mtaa wetu. Kwetu Ngazidja, kisiwa chenye Moroni, twarabu si starehe tu. Mwanamume akifanya harusi kubwa, ile inayomwingiza kwenye safu ya watu wazima wa mji, chama humpigia, na chama hukupigia wewe ikiwa nawe uliwapigia wenzako. Asiye na ala huzunguka na sinia la chai. Nilikuwa na klarineti tangu ujana, na sinia la chai sikuwahi kulishika.

Siku moja baada ya sala ya alasiri tulikuwa mazoezini, viatu mlangoni, tunabishana kuhusu mwendo wa wimbo kama kawaida yetu. Magari yakasimama nje. Walikuwa wanamtafuta kijana mmoja aliyesemekana kuandika karatasi za kuwapinga. Kijana hakuwapo, wala hakuwahi kuwa mwanachama. Sauti yake ilikuwa mbaya mno, tulimkataa. Wakachukua waliokuwapo. Mimi nikauliza kosa letu ni lipi. Nilijibiwa kwa kitako cha bunduki, na meno yangu mawili ya mbele, ya juu, yakabaki kwenye mkeka. Beki langu nalo lilikanyagwa, likapasuka ncha. Klarineti yenyewe ilinusurika kwa sababu mpiga fidla aliikalia.

Walituweka kwenye ghala la mabati, joto la kupikia. Humo ndimo nilimokutana na mwalimu wa shule kutoka Mutsamudu, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye adabu za kuudhi. Alikuwa ameletwa kabla yetu. Kosa lake hakulijua, na alikwisha acha kuliuliza. Wengine wote waliniambia pole. Yeye alinishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga wa mlango, akauangalia mdomo wangu kama fundi anayekagua bawaba, kisha akanishika kidole gumba cha kulia.

"Unapiga klarineti," alisema. Alikuwa ameona sugu inayoachwa na uzito wa ala. Alinionyesha gumba lake. Lilikuwa na sugu hiyo hiyo.

Ujanani alipiga kwenye bendi ya mji wao, na mpaka alipokamatwa alikuwa akipiga nyumbani kwake jioni, kwa ajili ya mke wake na mama yake. Kati ya watu wote niliokutana nao mwaka ule, yeye peke yake aliyazungumzia meno yangu kama jambo la kazi.

"Usihangaike na beki la aina ya zamani," aliniambia. "Mdomo ule huna tena. Tafuta lenye uwazi mdogo kwenye ncha, na ulimi laini. Meno yaliyobaki yakae juu yake bila kutafutatafuta. Kwangu nina matatu ndani ya bati la biskuti. Ukitoka, nenda ukachague. Mwambie mke wangu nimesema mwenyewe. Ulipulize kila moja, usichague kwa macho, si kanzu hiyo."

Nilikasirika. Mtu nyayo zake zimeoza kwa kipigo, ananihubiria uwazi wa ncha! Nikamwambia aangalie miguu yake kwanza. Akacheka kidogo, akaomba radhi. Aliomba radhi kwa kila kitu yule bwana, hata kwa kukohoa. Baadaye nilimzoea, na tulikuwa tunaokota kijiti cha ufagio, mmoja anakipapasa kwa vidole kama klarineti, mwingine anakisia ni wimbo gani. Nilimpenda. Sina neno jingine la kusema.

Kisha walimtoa kwa maswali, wakamrudisha hawezi kukaa. Homa ikampanda. Asubuhi moja hakuamka. Mimi na mpiga fidla tuliamriwa tumbebe hadi kwenye gari, na mimi nilikuwa upande wa kichwa. Nilimfumba macho kwa mkono wangu. Hakuoshwa, hakusaliwa, na walikompeleka sikujua wakati ule na sijui sasa. Nilimsomea nilichoweza nikiwa nimesimama, huku askari akinihimiza.

Siku ya kutuachia, mzungu mmoja alizungumza kwa Kifaransa, na mtu wa kwetu akatutafsiria ingawa sote tulikuwa tumeelewa. Hapa hakuna mtu aliyekufa, alisema. Atakayesema vingine atarudi hapa.

Nilirudi kwenye chama. Walinipokea vizuri, wakanikalisha mbele, kisha kwa upole mkubwa wakanipa tari. Tari! Nililipiga harusi nzima nikiwa na sura ya mtu aliyemeza ndimu. Nilizunguka soko lote la Volo Volo, kutoka kwa wauza vitambaa hadi kwa wauza vyuma, nikauliza beki. Mmoja alinitolea filimbi ya mtoto. Mwingine alikuwa nalo kweli, la plastiki, limekuja na shehena ya vitu vya kila namna. Halikuingia vizuri kwenye klarineti, nikalizungushia uzi, nikalipuliza pale pale. Lilitoa sauti ya bata anayekanyagwa. Wanawake wa mbogamboga walicheka mpaka wakafuta machozi, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nitoke ghalani, nilitamani kulia.

Sokoni humo ndimo nilimopata habari za nyumba ya mwalimu. Mfanyabiashara mmoja wa Nzwani, kisiwa chenye Mutsamudu, aliyekuwa akileta karafuu, alinieleza bila kujua kwamba ninamfahamu mwalimu. Mke alikwenda ofisi hadi ofisi akaambiwa mume wake amehamishiwa kwingine. Wapi, hawakusema. Ndugu walimshauri akae eda, kadhi akasema hapana, hakuna shahidi wa kifo. Kwa hiyo harusini hakualikwa, maana huenda ni mjane, na nyumbani kwake hakuna aliyekwenda kumhani, maana huenda si mjane. Mama wa mwalimu yeye alikuwa bado anamwekea mwanawe chakula.

Shahidi nilikuwa mimi. Mpiga fidla alikwisha vuka bahari kwenda Mayotte, kwa Wafaransa, na hakuna aliyemlaumu. Barua zilifunguliwa njiani, kwa hiyo kuandika ilikuwa sawa na kujipeleka ghalani kwa miguu yangu. Niliogopa. Nilikuwa nikiota mlango ule wa mabati. Lakini nilihitaji beki, na mtu anayehitaji beki ana sababu ya kusafiri ambayo askari yeyote anaweza kuielewa. Nikaomba nafasi kwenye meli ya mizigo.

Bandarini Mutsamudu, makuli walikuwa wanashusha saruji, weupe kichwani hadi miguuni. Askari wa nguo nyeusi alikuwa mwisho wa gati akifungua mizigo ya watu. Alipofungua kisanduku changu alirudi nyuma.

"Bomba la nini hili?"

"La muziki."

"Lipulize basi."

"Halina mdomo. Ndio nimekuja kuutafuta."

Alinitazama kinywani, akaona pengo, akaelewa au akadhani ameelewa. "Wewe mwenyewe huna mdomo," alisema, akacheka, akanirushia kisanduku. Nilicheka naye. Niliwachekea mno watu wale, na kila kicheko kilibaki tumboni.

Nyumba ilikuwa ndani ya mji wa kale, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Karibu na mlango, kwenye baraza la mawe, alikaa mwanamume mmoja na redio ndogo. Jirani aliyenionyesha njia alinong'ona bila kugeuka kwamba bwana yule hana kazi nyingine ila kukaa pale, na kwamba mtaa mzima unajua ripoti zake zinakwenda wapi. Nilimsalimu. Akaniitikia vizuri, akapunguza redio.

Nilikaribishwa chumba cha mbele. Mke wa mwalimu hakutokea; mimi si maharimu wake, alikaa nyuma ya pazia na tukazungumza hivyo. Nilimwita Bweni, kama tunavyomwita kwetu mwanamke wa heshima. Yeye alisema kwa lafudhi ya Nzwani, mimi kwa ya Ngazidja, na kila mmoja alipunguza mwendo kwa ajili ya mwenzake.

"Umetoka Moroni?"

"Nimetoka Moroni, Bweni. Natafuta beki la klarineti. Nimeambiwa hapa yapo."

"Nani alikuambia?"

"Mwenyewe."

Pazia halikutikisika. Nje, redio ilizimwa kabisa. Nilifungua kinywa niendelee, naye akanikata kwa sauti kubwa ya mwenye nyumba: "Mgeni anywe chai kwanza! Safari ya meli inachosha." Mama wa mwalimu aliingia na kikombe. Alikuwa amekuja mbio kutoka nyumbani kwake aliposikia kuna mtu wa Moroni, nguo yake nyekundu ya shiromani imekaa upande. Aliniwekea kikombe, akaketi mkekani mbele yangu, akanitazama mikono.

Kisha mkono ukapita pembeni mwa pazia ukisukuma bati la biskuti. Ulikuwa na bangili za dhahabu hadi karibu na kiwiko. Hakuna aliyeweza kumwambia azivue, kama avuavyo mjane anapoingia eda. Sauti ikaja chini kabisa, karibu na sakafu.

"Sikiliza. Yule nje anatusikia. Ukitamka neno utarudishwa ulikotoka, na mimi nitaulizwa nimelisikia kwa nani. Usitamke. Wewe ni mpiga ala, umekuja kuchagua. Kama nyumba hii haina msiba, lipulizie hapa hapa, kichochoro kizima kisikie. Kama ina msiba, unajua mwenyewe, ndani ya msiba hapapigwi ala. Chagua kimya. Ya kadhi niachie mimi."

Mama yake mkwe alisikia kila neno. Nilimwona akisikia.

Nikafungua bati. Mabeki yalikuwa matatu kweli, kila moja limefungwa kwenye kitambaa cheupe, pamoja na ndimi za tete zilizopangwa vizuri kuliko nguo zangu. Nilichukua la kwanza. Lilikuwa la kioo, zuri, la kuwekwa kabatini, lakini nilipolipeleka kwenye mwanga wa dirisha nikaona ncha imemeguka. Nikalirudisha. La pili lilikuwa lake mwenyewe. Sikuhitaji kuambiwa, juu yake meno yalikuwa yamechimba vishimo viwili, miaka ya jioni zile zote. Nililiweka mdomoni. Mahali pa meno yake mimi nina pengo. Uwazi ulikuwa mkubwa, ulitaka mtu mwenye taya kamili. Nililifunga tena kwenye kitambaa chake.

La tatu lilikuwa jeusi la kawaida, fupi kidogo. Nilishikiza ulimi mmoja juu yake kwa kidole, nikapitisha ukingo wa karatasi kati ya ncha na ulimi, nikaona uwazi mdogo, sawa pande zote. Nililiweka mdomoni. Meno yaliyobaki yalikaa juu yake bila kutafutatafuta. Ndilo alilokuwa ananieleza kule ghalani bila kulitaja, na nilikasirika naye upya, marehemu yule, kwa kuwa alikuwa sahihi na kwa kuwa hayupo nimwambie.

Hapo nikakosea. Mikono ya mpiga ala haingoji kuamriwa. Nilikuwa nimekwisha lowanisha ulimi kwa mate, nimeufunga kwa pete, nimeunga klarineti kipande kwa kipande, na nikaipandisha mdomoni, vidole juu ya matundu. Niligutuka nikiwa nimevuta pumzi. Nilipoinua macho nilimwona bibi yule. Uso wake wote ulikuwa umefunguka. Alikuwa ameona pumzi yangu ikiingia, na alikuwa anasubiri itoke.

Nikaishusha klarineti mapajani.

Alisogea kwenye mkeka. "Piga, mwanangu," alisema.

Nilitazama vyuma vya klarineti.

"Piga basi. Yeye alikuwa anakaa hapo hapo ulipokaa."

Niligeuka nikalitazama pazia.

"Piga hata kidogo," alisema bibi. Aliweka kiganja chake juu ya goti langu. "Hata ukikosea. Mimi masikio yangu yamechoka, sitajua umekosea."

Nataka nieleweke. Ningeweza kupiga. Sauti moja tu, na mama yule angeondoka amefurahi, angekwenda kumpikia mwanawe samaki. Nilimwonea huruma. Na yule mwingine, nyuma ya pazia, angebaki na ofisi zake hivyo hivyo, si mke si mjane, mpaka azeeke akiwa anasubiri mlango. Niliwachukia mamluki wakati ule kuliko nilipokuwa mikononi mwao. Ghalani walinipiga mimi. Hapa walinifanya mimi niwe wa kumpiga mwingine.

Nililegeza pete. Niliutoa ulimi, nikaufuta kwa pindo la shati, nikauweka kwenye kisanduku. Nililichomoa beki. Nilitenganisha klarineti taratibu, kipande kimoja baada ya kingine, kila kipande mahali pake, na bibi alifuata mikono yangu kwa macho bila kuondoa kiganja chake gotini mwangu. Nilipofunga kisanduku, komeo lililia kidogo, na yeye alishtuka kama aliyepigwa.

"Limekufaa?" iliuliza sauti nyuma ya pazia, kwa nguvu, isikike nje.

"Limenifaa, Bweni."

"Lichukue. Nenda salama."

Nilisimama, lakini sikuweza kutoka, kwa kuwa bibi alikuwa bado ameshika nguo yangu. Nje redio ilifunguliwa tena. Ndani nikasikia chuma kikisuguana na chuma, kisha kimya, kisha kikisuguana tena, kwa nguvu zaidi, na pumzi ya mtu anayejitahidi.

"Mama," aliita mke wa mwalimu, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliye jikoni. "Mama, njoo na sabuni. Bangili zangu hazitoki."